Mwanzilishi Akianguka, Imani Yetu Yasimama Wapi?

Dominika ya 31 ya Mwaka A
Masomo: Malaki 1:14–2:2, 8-10, 1 Wathesalonike 2:7-9, 13, Mathayo 23:1-12



Injili ya Dominika hii yatuweka mbele ya kiti cha Musa. Yesu asema na makutano na wanafunzi wake juu ya waalimu wa dini, watu waliokabidhiwa neno la Mungu ili walifundishe taifa. Asema mambo mawili ambayo, tukisikiliza kwa haraka, yaonekana kupingana. Kwanza, ataka watu wayapokee mafundisho ya waandishi na Mafarisayo, kwa kuwa wanafundisha mahali pa Musa. Pili, awaonya wasiige mwenendo wao, kwa kuwa wayasemayo siyo wayatendayo.

Wapenzi wasikilizaji, maneno hayo yanagusa swali ambalo makatekista huulizwa, hasa na vijana. Mtu ameanzisha shirika au jumuiya katika Kanisa. Amefanya mema mengi hadharani, ameandika vitabu, amewavuta maelfu kwa Mungu. Baada ya kifo chake yajulikana kwamba sirini aliishi vingine kabisa. Je, maisha yake ya faragha yana uzito wowote kwa imani yetu? Tuseme kwamba kazi yake yote ilikuwa uongo? Tuseme kwamba mambo ya faragha yake hayatuhusu? Au tunyamaze, ili tusiwavunje moyo walio wadogo katika imani?

Swali hili si la kubuni. Ili tulijibu vema, yafaa kwanza tuijue habari moja ya kweli.

Habari ya Jean Vanier

Jean Vanier alizaliwa mwaka 1928 mjini Geneva, katika familia ya Kikatoliki kutoka Kanada. Baba yake, Georges Vanier, baadaye alikuwa Gavana Mkuu wa Kanada. Katika ujana wake Jean alitumikia jeshi la majini, akaliacha mwaka 1950 ili kutafuta njia ya kumtumikia Mungu. Mwaka 1964, katika kijiji cha Trosly-Breuil nchini Ufaransa, aliwakaribisha nyumbani wanaume wawili wenye ulemavu wa akili, Raphaël Simi na Philippe Seux, waliokuwa wakiishi katika makao ya kuwafungia watu wa namna hiyo. Walikaa pamoja kama watu wa nyumba moja: walipika, walikula meza moja, walisali pamoja. Nyumba hiyo iliitwa L'Arche, yaani Safina.

Kutoka nyumba hiyo moja zilizaliwa jumuiya ambazo leo ni zaidi ya 150, katika nchi zaidi ya 30, zikiwemo Uganda na Kenya. Mwaka 1971, pamoja na Marie-Hélène Mathieu, Vanier alianzisha vikundi viitwavyo Imani na Nuru, ambamo wazazi wenye watoto wa aina hiyo hukutana, husali na kufarijiana. Wazazi waliokuwa wakiwaficha watoto wao kwa aibu walijifunza kuwaleta kanisani. Mwaka 2015 Vanier alipewa Tuzo ya Templeton. Alipofariki tarehe 7 Mei 2019, akiwa na umri wa miaka 90, wengi walisema wazi kwamba wamempoteza mtakatifu.

Hata mwaka haukuisha. Tarehe 22 Februari 2020 L'Arche yenyewe ilitangaza matokeo ya uchunguzi iliouomba kwa watu wa nje. Wanawake 6, katika nyakati mbalimbali kati ya mwaka 1970 na 2005, walikuwa wameingizwa na Vanier katika mahusiano ya kimwili walipomwendea kwa ajili ya uongozi wa kiroho. Januari 2023 tume ya wataalamu ilitoa taarifa ndefu zaidi, ikitaja wanawake wasiopungua 25, tangu mwaka 1952 hadi 2019. Katika mazungumzo ya sala, mwongozi aliyeaminiwa aligeuka kuwa mtu wa kutimiza tamaa zake, akiyavika matendo hayo majina matakatifu ya Yesu na Maria. Uchunguzi haukuonyesha kwamba watu wenye ulemavu wa akili walikuwa miongoni mwa waliodhulumiwa.

Mizizi ya uovu huo ilikuwa ya zamani. Mlezi wa kiroho wa Vanier alikuwa Padre Thomas Philippe, Mdominiko, ambaye mwaka 1956 alihukumiwa na Roma na kukatazwa huduma za kipadre kwa sababu ya mafundisho na matendo ya namna hiyo hiyo. Vanier aliijua sababu ya hukumu hiyo, lakini baadaye alisema hadharani kwamba hakuijua. Tume ilionyesha hata kwamba shabaha mojawapo ya kuanzisha nyumba ya Trosly ilikuwa kuwakusanya tena watu wachache waliomfuata padre huyo kwa siri.

Hapo ndipo ugumu wa swali letu ulipo. Dhambi hii haikuwa ya mtu mwema aliyeteleza siku moja na kuinuka. Ilidumu miaka mingi, ikavaa vazi la sala, ikawa karibu na chimbuko la kazi yenyewe. Na bado Raphaël na Philippe walitolewa kweli kifungoni. Na bado wazazi wengi walifarijiwa kweli. Tufanyeje basi?

Je, mambo ya faragha hayatuhusu?

Wako wanaosema: mwacheni marehemu apumzike; alichofanya sirini ni kati yake na Mungu wake. Jibu hili lina chembe ya ukweli. Kila mtu ana faragha yake, nayo yastahili heshima. Ugonjwa wa mtu, umaskini wa nyumba yake, udhaifu wa tabia yake, dhambi aliyoitubu zamani na kuiungama, hayo si chakula cha barazani. Kusengenya ni dhambi, hata kama linalosemwa ni la kweli.

Lakini tusichanganye faragha na siri ya dhuluma. Dhambi iliyotendwa dhidi ya mtu mwingine haiwi jambo la faragha kwa sababu tu mlango ulifungwa. Nyuma ya mlango huo palikuwa na watu wawili, na mmoja wao alitoka akiwa na jeraha. Tukisema kwamba hayo hayatuhusu, tunamwambia aliyejeruhiwa kwamba yeye pia hatuhusu.

Tazameni jinsi Maandiko Matakatifu yanavyomtendea mfalme Daudi. Daudi ndiye mwanzilishi wa ukoo wa kifalme ambamo Masiha alizaliwa. Alimtwaa mke wa askari wake Uria, kisha akapanga Uria auawe vitani. Mambo hayo yalifanyika kwa siri ya jumba la kifalme. Mungu hakuyaacha sirini. Alimtuma nabii Nathani amwambie mfalme usoni. Na Mtakatifu Mathayo aandikapo ukoo wa Yesu mwanzoni mwa Injili yake, afikapo kwa mama yake Solomoni hamtaji kwa jina. Amtaja kuwa yule aliyekuwa mke wa Uria. Angeweza kuliruka jambo hilo, maana alikuwa akiandika habari njema. Hakuliruka. Katika ukurasa wa kwanza wa Agano Jipya, jina la mtu aliyedhulumiwa limeandikwa karibu na jina la mfalme aliyemdhulumu. Hivyo ndivyo Neno la Mungu linavyowaheshimu waanzilishi wakuu, na hivyo ndivyo linavyowakumbuka wanyonge.

Hata Kanisa halisemi kwamba maisha ya faragha ni bure. Kabla ya kumtangaza mtu kuwa mwenye heri, Kanisa huchunguza maisha yake, maandishi yake na ushuhuda wa waliomfahamu. Kwa kawaida yapaswa ipite miaka 5 tangu kifo chake kabla ya kesi hiyo kufunguliwa. Mama Kanisa ajua kwamba siri ya mtungi aijuaye kata, na kwamba kata huhitaji muda ili iseme.

Je, samaki mmoja akioza, wote wameoza?

Wengine huenda upande wa pili. Husema: kama mwanzilishi alikuwa hivyo, basi kila kitu kilichotoka mkononi mwake kimeoza. Hata imani aliyotufundisha ni ya bure.

Kanisa lilikwisha kukutana na mawazo ya jamii hiyo, tena hapa hapa barani Afrika. Mwaka 303 Kaisari Diokletiano alianza kuwatesa Wakristo. Huko Afrika ya Kaskazini, mapadre na maaskofu wengine waliogopa, wakayatoa Maandiko Matakatifu yachomwe moto. Amani iliporudi, Wakristo wengi walisema kwamba sakramenti za watu hao, na za wote waliowekewa mikono nao, hazikuwa na nguvu. Waliitwa Wadonatisti kwa jina la kiongozi wao Donatus, na farakano hilo lilidumu zaidi ya miaka 100.

Aliyewajibu kwa kina ni Mtakatifu Agustino, askofu wa Hipo, katika nchi tunayoiita leo Algeria. Alifundisha kwamba abatizaye kweli ni Kristo mwenyewe, awe amemtumia Petro au amemtumia Yuda. Alitoa mfano wa maji yapitayo katika mfereji wa mawe. Mawe hayaoti kitu kwa maji hayo. Hubaki makavu kama yalivyokuwa. Lakini maji yakifika bustanini huzaa matunda. Mhudumu mbaya ni kama mfereji huo. Yeye mwenyewe hafaidiki, lakini neema ya Kristo yamfikia anayeipokea kwa imani.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, kama ulibatizwa, uliungamishwa au ulifungishwa ndoa na padre ambaye baadaye ulisikia habari zake ukahuzunika, usiwe na hofu. Ubatizo wako ni ubatizo wa Kristo. Maondoleo uliyopata ni ya Kristo. Yuda alitumwa pamoja na mitume wenzake kuhubiri na kuponya, na Injili haisemi kwamba yeyote aliyepona alirudiwa na ugonjwa siku Yuda alipomsaliti Bwana.

Na wale wanaume wawili wa Trosly? Heshima yao kama wana wa Mungu haikutoka kwa Jean Vanier. Waliipata kwa Muumba siku walipoumbwa. Vanier aliisema kweli hiyo kwa sauti kubwa, lakini hakuitunga. Aliyeisema akianguka, kweli haianguki pamoja naye.

Hata hivyo, hapa hatuna budi kuweka mpaka, maana wako wanaolitumia fundisho la Mtakatifu Agustino kama shuka la kufunikia kila kitu. Ahadi ya Kristo ni kwa sakramenti zake. Hakuahidi kwamba kila kitabu cha mwanzilishi ni salama, wala kwamba kila desturi aliyoianzisha ni ya Roho Mtakatifu. Mwanzilishi si sakramenti. Alichofundisha juu ya utii, juu ya urafiki wa kiroho, juu ya kumfungulia kiongozi moyo wote, huenda kilikuwa mlango wa yale aliyoyatenda sirini. Hicho chapaswa kupepetwa kama mtama katika ungo, punje ibaki na makapi yapeperuke. Kazi ya kupepeta ni ngumu kuliko kutupa vyote au kubeba vyote, lakini ndiyo kazi ya haki.

Je, tunyamaze kwa ajili ya wadogo?

Jibu la tatu lasikika kuwa la huruma: tusiseme, tusije tukawakwaza wadogo. Nabii Malaki, katika somo la kwanza, awaambia makuhani wa wakati wake kwamba wamewakwaza wengi. Wamewakwaza kwa njia gani? Kwa kuiacha njia ya Bwana na kwa kupotosha mafundisho. Nabii hakemewi kwa kulisema jambo hilo mbele ya watu, alitumwa alitangaze. Kikwazo ni dhambi yenyewe. Anayeifunua kwa haki haleti kikwazo, bali aonyesha jiwe lilipo ili wengine wasijikwae.

Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Marcial Maciel alianzisha shirika la Walejionari wa Kristo huko Mexico mwaka 1941, likakua upesi na kusifiwa. Mwaka 1997 watu waliokuwa chini ya ulezi wake utotoni walisema hadharani katika gazeti la Marekani kwamba aliwanajisi. Wengi hawakuwasadiki; walionekana kuwa maadui wa Kanisa. Ni mwaka 2006 tu Roma ilipomwamuru aache huduma ya hadharani na kuishi maisha ya sala na toba. Alifariki mwaka 2008. Mwaka 2010, baada ya ukaguzi, Vatikano ilitamka wazi kwamba makosa yake yalikuwa mazito mno na kwamba aliishi maisha ya namna mbili. Mwaka 2019 shirika lake lenyewe lilitangaza kwamba aliwadhulumu watoto wasiopungua 60. Kila mwaka wa kimya uliwaongezea maumivu waliokwisha kuumizwa, kwa kuwa walionekana waongo mbele ya watu wa Kanisa lao.

Kanisa la mwanzo halikuwa na hofu hiyo. Petro alikuwa mwamba, mkuu wa mitume; na bado Injili zote 4 zaeleza jinsi alivyomkana Bwana mara tatu. Wakristo wa kwanza wangeweza kuificha habari hiyo ili kulinda heshima ya kiongozi wao. Badala yake waliiandika, na mpaka leo tunaisoma kila mwaka katika Juma Kuu. Tofauti iko hapa: Petro alilia, akatubu, akakubali udhaifu wake usimuliwe. Mtakatifu Agustino naye aliziandika dhambi za ujana wake kwa mkono wake mwenyewe katika kitabu cha Maungamo. Dhambi iliyokiriwa huwa ushuhuda wa huruma ya Mungu. Dhambi iliyofichwa na kupambwa kwa sala huwa mtego kwa wengine.

Mwanzilishi mmoja tu

Sasa tulijibu swali letu moja kwa moja. Je, maisha ya faragha ya mwanzilishi yana uzito kwa imani ya Kikristo? Jibu hutegemea ni mwanzilishi yupi tunayemsema.

Mwanzilishi wa imani yetu ni Yesu Kristo, na maisha yake ya faragha yana uzito wote. Yeye hakuja kutuonyesha njia kisha akae kando; yeye mwenyewe ndiye Njia. Kama angeishi vingine sirini, Injili yake ingeanguka. Lakini tuwasikilize waliokuwa karibu naye. Kwa miaka kama 30 aliishi Nazareti, kijiji kidogo ambamo kila mtu alimjua mwenzake. Watu wa huko walikwazwa naye kwa sababu alikuwa seremala tu, na jamaa zake walijulikana. Lakini hawakuwa na uovu wa kumsingizia. Mitume walitembea naye, walikula naye, walilala chombo kimoja naye, na baadaye walikubali kuteswa kwa ajili yake. Mbele ya kuhani mkuu alisema kwamba amefundisha waziwazi na hana fundisho la siri. Mashahidi wa uongo walitafutwa, na ushuhuda wao haukupatana.

Kuna shahidi mmoja zaidi. Ni Yuda. Yeye alizijua safari za Bwana, alijua mahali pake pa kusali usiku, alishika mfuko wa fedha. Kama kungekuwa na siri mbaya, yeye angeijua, na angekuwa na kila sababu ya kuitoa ili kuhalalisha alichokitenda. Lakini alizirudisha fedha, akakiri kwamba amemsaliti mtu asiye na hatia. Hata kata iliyousaliti mtungi ilishuhudia kwamba maji yake ni safi.

Waanzilishi wengine wote, hata watakatifu, ni watumishi. Imani yetu haisimami juu yao. Na kwa sababu haisimami juu yao, tunaweza kuusema ukweli juu yao bila kutetemeka. Anayemjenga mwanadamu kuwa msingi wa imani yake hulazimika kuzificha nyufa zake, kwa maana ufa ukionekana nyumba yote yatishia kubomoka. Aliyejenga juu ya Kristo aweza kuuona ufa wa mtumishi, akaulilia, akautengeneza, na usiku akalala ndani ya nyumba ile ile. Ndiyo maana Bwana atukataza katika Injili ya leo kumpa mtu nafasi ya Mwalimu na ya Baba. Hakatazi neno la heshima tunalowaitia wazazi au mapadre wetu. Akataza kumweka mwanadamu mahali ambapo hawezi kuulizwa, kukosolewa wala kukataliwa.

Mtume Paulo atupa kipimo sahihi katika somo la pili. Awakumbusha Wathesalonike kwamba alikuwa kati yao kama mama anyonyeshaye, akafanya kazi usiku na mchana asimlemee mtu, tayari kuwapa hata maisha yake pamoja na Injili. Kwake yeye, basi, maisha ya mhubiri yana uzito: mwili wake ulitumika kuwabebea wengine mzigo, haukutumika kuwatwika wengine. Kisha amshukuru Mungu kwa sababu walilipokea neno kama neno la Mungu, wala si kama neno la wanadamu. Hapo tunapata mambo yote mawili. Mhubiri awajibika kwa maisha yake. Na neno lenyewe ni la Mungu.

Kwenu makatekista na viongozi wa jumuiya

Haya yatufundisha nini kwa matendo? Naomba niwaachie mambo manne.

La kwanza: mkiulizwa, semeni kweli kwa maneno machache na ya staha, kadiri ya umri wa anayeuliza. Msipunguze, msitie chumvi. Kijana aliyeambiwa kweli na katekista wake hatashangazwa na gazeti, na ataendelea kumwamini katekista huyo katika mambo mengine.

La pili: watangulizeni waliojeruhiwa. Mara nyingi, habari za namna hii zikitokea, twaulizana kwanza juu ya sifa ya Kanisa, juu ya majengo na wafadhili. Yesu angeuliza kwanza habari za wale wanawake. Wakumbukeni katika maombi ya waamini. Na kama mtu wa kwenu atakuja na jambo lake, msikilizeni kabla ya kumhukumu.

La tatu: jifunzeni kuitambua hatari mapema, kwani usipoziba ufa utajenga ukuta. Kiongozi wa kiroho akikuambia kwamba mazungumzo yenu asiyajue mtu yeyote. Akidai kwamba amepewa ufunuo unaomruhusu yale ambayo amri za Mungu zinayakataza. Sala ikianza kugeuka kuwa mambo ya mwili. Wanaomhoji wakiitwa waasi: hizo si dalili za utakatifu. Siri ya maungamo humfunga padre anayeungamisha, haimfungi aliyedhulumiwa. Yeye ana haki ya kusema. Mwaka 2019 Baba Mtakatifu Fransisko aliagiza kila jimbo liwe na njia ya wazi ya kupokea taarifa za dhuluma, na mapadre na watawa wanawajibika kuzitoa wazijuapo. Sheria za nchi nazo zina nafasi yake, wala si dhambi kuzikimbilia.

La nne: msiwe wepesi wa kuwaita watu watakatifu wangali hai, au siku ya mazishi yao. Mpendeni mtumishi wa Mungu, mshukuruni, muombeeni. Kumtangaza mwachieni Mungu na Kanisa lake.

Wapenzi wasikilizaji, L'Arche haikufa. Iliomba yenyewe uchunguzi ufanywe, ikauweka wazi, ikawaomba msamaha wanawake walioumizwa. Na katika nyumba zake, jioni ya leo, watu wenye ulemavu wa akili wataketi mezani pamoja na wenzao, watamega mkate na kumwomba Mungu. Wao hawakuwahi kuhitaji mwanzilishi asiye na doa ili wapendwe na Mungu. Walihitaji Mwokozi, naye wanaye, kama sisi sote tulivyo naye.

Tuombe. Ee Bwana Yesu Kristo, uliye Mwalimu wetu wa pekee, uwaponye wote waliojeruhiwa na watu waliojiita watumishi wako. Uwape ujasiri wa kusema, na utupe sisi masikio ya kuwasikia. Uwaongoze kwenye toba wale wanaoficha dhambi zao chini ya vazi la sala. Uwalinde mapadre, watawa na makatekista wetu, ili waishi sirini kama wanavyofundisha hadharani. Na imani yetu uisimike juu yako, uliye mwamba usiotikisika, unayeishi na kutawala daima na milele. Amina.